Kinanda Kilichoshtakiwa kwa Kunong'ona

Habari nilizipata hapa Same, katika mgahawa ulio karibu na stesheni, kutoka kwa dereva wa lori lililoshuka na magunia ya kahawa. Aliniona nakunywa chai, akavua kofia, akaniambia kwamba mwalimu wetu wa kinanda kule juu milimani kwetu amefariki, kwamba maziko ni kesho, na kwamba nikitaka kupanda naye nisikawie. Kabla sijapata la kusema, watu wawili watatu waliomfahamu walikwisha kuanza kumsifu. Mmoja alisema marehemu alikuwa mtu wa kanuni. Mwingine akasema kwamba katika miaka yote aliyokaa kwenye kinanda cha kanisa hakuwahi kukosea hata mara moja, na wote wakaitikia kwa vichwa. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba, lakini ninyi wasomaji wangu mnanijua, kunyamaza si kazi niliyoajiriwa kufanya. Ukweli ni kwamba marehemu alikosea kila Jumapili. Alikosea mahali pale pale, kwa namna ile ile, kwa utulivu mkubwa, na mtu akikosea hivyo kwa muda mrefu watu huacha kuliita kosa na kuanza kuliita utaratibu.

Sikuwa na ugomvi naye. Nilipokuwa karani kijana hapa bomani, nilikuwa napanda kwetu kila mwisho wa juma na kuimba besi katika kwaya yake, na nilikaa karibu naye kiasi cha kusikia viatu vyake. Alikuwa mrefu, mkavu, na koti lake lilifungwa vifungo vyote hata siku ya kwenda kuzibua mfereji. Kinanda alifundishwa na mmisionari mmoja wa zamani, na chombo alichojifunzia kilikuwa kile cha kukanyaga kwa miguu, ambacho ndani yake mna mfuko wa ngozi unaojazwa upepo. Panya walikuwa wameutafuna mfuko ule. Ulishonwa kwa ngozi ya mbuzi, ukatafunwa tena, ukashonwa tena, mpaka ikawa kila mstari wa tatu wa wimbo upepo unaisha, sauti inakata, na mpigaji hana budi kusimama, akanyage na kukanyaga, ndipo aendelee na mstari wa nne. Mmisionari alisimama hapo kwa sababu ya panya. Mwanafunzi wake alisimama hapo kwa sababu mmisionari alisimama.

Watu nao wakasimama. Kituo kile kikawa sehemu ya wimbo, na sisi kwetu tukipata kitu hatukiachi bila matumizi. Akina mama walikaza khanga zao kwenye kituo. Wazee walikohoa. Bibi harusi aliyekuwa akiingia kanisani alisimama katikati ya njia, mguu mmoja mbele, akisubiri upepo ujae. Mchungaji wetu, ambaye alikuwa hodari wa kueleza mambo, alihubiri siku moja kwamba hapo ndipo roho ya mwanadamu inapotafakari, na watu wakatafakari. Hakuna aliyemkumbuka panya. Mimi mwenyewe nilipokwenda kusali mara ya kwanza katika kanisa la huku chini Same, nilinyamaza baada ya mstari wa tatu, watu wote wakaendelea, nikawaona washenzi.

Basi ikatokea kwamba meneja mmoja wa shamba la mkonge huku tambarare alikuwa akirudi kwao Uingereza, na kwa kuwa hakuweza kukipakia kinanda chake, akakitoa zawadi kwa kanisa letu. Hicho sasa kilikuwa kile ambacho wajuzi wanakiita piano. Ndani hakina mfuko wala upepo, kina nyuzi za chuma na vinyundo vya kuzigonga. Ulipigwa msaragambo, mwito wa kazi ya pamoja, kama ule wa kuzibua mifereji, kila nyumba ikatoa mtu, wakakifunga kwenye miti na kukibeba mlimani, wakikiweka chini kila penye kivuli cha migomba, na kila walipokiweka kilinguruma chenyewe. Wabebaji walikiogopa sana. Mmoja aliniambia baadaye kwamba amebeba majeneza mengi lakini hajapata kubeba kitu kilichokuwa kikilalamika njiani.

Jumapili iliyofuata marehemu alikaa mbele yake, akavuta koti, akaweka vidole kwenye vibao na miguu yote miwili kwenye vile vyuma viwili vya chini, akaanza kukanyaga. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mwenye kuvifahamu atakwambia kwamba chuma kimoja huachia sauti ivume na kingine huifunika kidogo, na vyote hukanyagwa kwa kiasi, pale panapohitaji. Yeye alivikanyaga kama mtu anayesaga miguu kwenye cherehani. Sauti zilivurugika, zikavuma zote pamoja, wimbo wa Pasaka ukawa mzinga wa nyuki. Ulipofika mwisho wa mstari wa tatu alisimama, akakanyaga upepo ambao haukuwamo, akaridhika kwamba umejaa, akaendelea. Nasi tukasimama, tukakaza khanga, tukakohoa, tukaendelea. Baada ya ibada watu walimpa mkono na kumwambia kwamba kinanda kipya ni kama cha zamani tu. Alifurahi sana kuambiwa hivyo.

Mambo yangebaki hapo kama asingerudi binti mmoja wa kijijini, aliyekuwa amemaliza chuo cha ualimu na kupangiwa shule yetu. Huko chuoni alijifunza piano, na aliijifunza kweli. Marehemu alipougua homa, mchungaji alimwomba binti ashike kiti chake Jumapili hiyo. Wasomaji, nilikuwepo. Alianza wimbo ambao nilikuwa nimeuimba tangu nikiwa na meno ya utoto, na sikuujua. Aya ya kwanza aliipiga kwa sauti ya chini, ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Ya pili akaipandisha. Palipo na maneno ya majuto alikawia, palipo na maneno ya shukrani aliharakisha kidogo, na kwenye mstari wa tatu hakusimama. Sisi tulisimama, yeye akapita, tukaanza kumkimbilia, kwaya nzima ikawa kundi la mbuzi walioachwa na mchungaji. Nilishikwa na aibu na raha kwa pamoja, na mpaka leo sijui ipi ilikuwa kubwa.

Marehemu alipata habari kitandani na homa ikaisha siku hiyo hiyo. Alimwita binti, na mimi nilikuwa nimekwenda kumjulia hali, kwa hiyo niliyasikia. Binti alimwamkia vizuri, akaeleza kwa adabu kwamba chombo hiki si kama kile cha zamani, kwamba kile kilitoa sauti moja hata ukigusa namna gani, lakini hiki kinafuata mkono, na kila mtu akikigusa kinatoa yaliyomo ndani yake. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kile cha zamani kiliitwaje. Akajibiwa kinanda. Akauliza na hiki kinaitwaje. Binti akasema, kwa Kiswahili chetu, nacho ni kinanda.

"Basi kinanda ni kinanda," akasema marehemu. "Kingekuwa kitu kingine kingekuwa na jina lingine."

Hilo likamridhisha kabisa. Na kama lilivyomridhisha yeye liliwaridhisha wengine, maana jambo hilo halikuishia kitandani. Msomaji asiye wa kwetu hana budi ajue kwamba sisi Wapare tunapenda kesi. Wenzetu wakikosana hupigana au husameheana, sisi hatuoni sababu ya kupoteza ugomvi mzuri kwa njia hizo. Marehemu alimshtaki binti mbele ya baraza la wazee wa kanisa kwamba anapiga kinanda kwa maringo, kwamba amekiruka kituo, na kwamba amekifanya chombo cha ibada kinong'one, jambo ambalo watu wazima hawafanyi mbele za Mungu. Kwa binti hii haikuwa mzaha. Katika milima yetu yote kinanda cha namna ile kilikuwa hicho kimoja. Akikatazwa hicho, amekatazwa kupiga maisha yake yote, na kila mtu aliyekaa kwenye benchi siku ile alilijua hilo.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mzee mmoja mkulima wa tangawizi, mwenye busara nyingi na masikio mazito. Aliamuru ushahidi uletwe, maana yake binti apige, wazee wasikilize. Binti akapiga wimbo wa maziko, polepole, chini kabisa. Mwenyekiti alisubiri, akasubiri, kisha akauliza kwa nini mshtakiwa hajaanza. Wakati huo huo mama mmoja mjane, aliyekuwa amekuja kufagia kanisa na hakuitwa na mtu, alikaa chini karibu na mlango na kuanza kulia. Hakulia kwa makelele. Alilia kama mtu aliyekumbushwa kitu. Wazee walitazamana kwa hofu, na hapo nikajua kesi imekwisha. Ilikatwa hukumu kwamba upigaji wa namna ile unaliza watu pasipokuwa na msiba, na kwamba binti ataruhusiwa kukaa kwenye kiti akikubali kupiga kama mwalimu anavyopiga, pamoja na kituo, pamoja na kukanyaga.

Binti alifikiri. Nilimwona akivitazama vile vibao, na nilimwombea akubali, maana nilitaka nimsikie tena hata kwa hila.

"Nikipiga hivyo nitakuwa nasema uongo kwa vidole," akasema. "Afadhali nisipige."

Hakupiga. Marehemu alikifunga kinanda kwa ufunguo na kuutia mfukoni mwa koti. Muhula uliofuata binti aliomba uhamisho, akapelekwa Kwakoa, huku chini kuelekea Ziwa Jipe, kwenye joto na ng'ombe na vumbi, ambako hata kengele ya shule ni kipande cha chuma kinachoning'inizwa. Aliolewa huko. Nilikutana naye mara moja hapa Same akinunua vitu vya shule, nikamuuliza kama vidole bado vipo. Akanionyesha viganja vilivyoota sugu za jembe, akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Niliumia, na ninasema wazi kwamba niliumia.

Sasa mtaniuliza kwa nini nahangaika na kinanda kimoja cha mlimani wakati nchi nzima inazungumzia mambo makubwa. Nahangaika kwa sababu nikitazama huku na huku namwona marehemu kila mahali. Mchungaji wetu amezaliwa mtaa wa pili kutoka kwa baba yangu, lakini akipanda mimbarini anatamka Kiswahili kwa lafudhi ya mzungu aliyemfundisha, anavuta maneno puani, na akishuka anazungumza vizuri kama sisi. Nimefanya kazi na karani aliyemwandikia shemeji yake barua ya kuomba jembe, akamaliza kwa kujiita mtumishi wako mtiifu. Walimu wetu wanawafundisha watoto kusoma kwa sauti moja iliyonyooka, isiyopanda wala kushuka, na mtoto akisoma kama mtu anayeelewa anachokisoma anaambiwa asilete maringo. Tumepewa vitu vinavyofuata mkono, nasi tumeogopa kuonekana tuna mikono. Na ninapowasikia vijana mgahawani wakisema kwamba Mwingereza ataondoka na tutajitawala, nafurahi pamoja nao, kisha nawatazama miguu. Nauliza kama siku hiyo ikifika tutakaa kwenye kiti chake na kuanza kukanyaga, kushoto, kulia, tukijaza upepo mahali pasipo na mfuko.

Turudi msibani. Lori lilinifikisha, nikakuta kijiji kizima kimejaa, masufuria ya makande yako motoni, na wazee wa baraza wako kwenye kikao cha dharura. Kinanda hakikuwa na mtu. Marehemu alifundisha vijana wengi, na wote aliwafukuza mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa kosa la kuongeza kitu. Ilibidi wampeleke mtu Kwakoa, naye yule binti akaja, sasa mama mtu mzima mwenye watoto. Ndipo ikagundulika kwamba ufunguo wa kinanda umo mfukoni mwa lile koti, na koti amevishwa marehemu. Wazee waliingia katika majadiliano marefu kuhusu nani mwenye haki ya kutia mkono katika mfuko wa maiti, na nadhani ingefunguliwa kesi nyingine pale pale kama mjane wake asingenyanyuka, akautia mkono wake mwenyewe na kuutoa ufunguo. Alisema mume wake alikuwa akilala nao, na sasa inatosha.

Mwenyekiti alikuwa yule yule, masikio yakiwa yamezidi uzito. Alimpa mama yule ufunguo na kumwambia, kwa upole wa kweli, apige kama alivyokuwa akipiga marehemu, kwa heshima yake. Mama alipiga goti kidogo kama ilivyo adabu, akamwamkia, akasubiri marahaba, kisha akasema kwa sauti ambayo hata mwenyekiti aliisikia.

"Baba, vile alipiga yeye. Ule ulikuwa mkono wake na ameondoka nao. Mimi nina huu wangu."

Hapo nilijisikia kama mtu aliyepigwa kofi la kuamshwa. Miaka yote nilikuwa nikimcheka marehemu kwamba hana chake, kumbe chake alikuwa nacho. Kukanyaga kule, kusimama kule, ngurumo ile ya nyuki, hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kupiga vile wala atakayepiga. Alikuwa na mkono wake kuliko sisi sote, isipokuwa aliuita kanuni na kuwalazimisha watu wengine wauvae. Nilimhurumia kwa mara ya kwanza, na nilimhurumia akiwa hanisikii.

Mama akakaa. Vidole vilikuwa vizito, mwanzoni vilipapasa, viliteleza mara mbili tatu, na hakuharakisha kuvificha vilivyoteleza. Akaanza chini sana. Tuliimba. Tulipofika mwisho wa mstari wa tatu kanisa zima lilinyamaza, kama tulivyozoea, si kwa kukusudia, ni vifua tu vilivyozoea. Yeye hakunyamaza wala hakutukimbia. Aliendelea peke yake ndani ya kimya chetu, akazirudia sauti za mwisho pole pole, akatungoja humo mpaka tulipokuwa tayari, akatuchukua. Watu walilia, na safari hii hapakuwa na wa kuwashtaki. Nililia na mimi, nikaharibu besi yote.

Tulipokwisha kuzika na kunawa mikono, mwenyekiti alimfuata mama yule nikiwa nimesimama naye. Alimwambia kwamba wazee wamekaa, wameona, wamekubali. Arudi. Watamwombea uhamisho, watampa ufunguo, awafundishe vijana kinanda. Niliona uso wa mama ukifunguka. Alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu akiwa binti. Kisha mzee akaongeza, kwa kidole kilichonyooshwa, kwamba awafundishe wapige hivi hivi anavyopiga yeye, na mtu asithubutu kubadilisha hata kidogo.

"Baba," akasema yule mama, "mkifanya hivyo mtakuwa mmemzika leo na kumwajiri tena kesho."

Alisema atarudi kwa sharti moja, kwamba mwanafunzi wake akipiga kwa namna asiyoipenda yeye mwenyewe mwalimu, aachwe apige, na asishtakiwe na mtu. Wazee walisema sharti hilo ni zito, wakaenda kulikalia baraza. Mpaka naandika haya hawajatoka, na ufunguo wameuchukua tena. Wema wa marehemu siukatai, wala siwasemi wazee kwamba ni wabaya. Anayekulazimisha upige kama yeye mara nyingi hakuchukii, anaogopa tu kusikia kwamba kile kinanda kilikuwa na sauti nyingine siku zote alipokuwa amekikalia. Lakini hofu yake isiwe mzigo wako. Ninyi mnaosubiri ruhusa, iwe kwenye kinanda, darasani, ofisini au katika nchi hii inayotaka kuwa yenu, msisubiri wazee watoke barazani. Kaeni kwenye kiti, guseni vibao kwa mikono yenu wenyewe. Kesi itakuja yenyewe, sisi ni Wapare, na ikija mtakuwa mmekwisha kupiga.